Mama alifanyiwa operesheni ya mgongo uliopinda ukubwani: tuliyopitia na ya kumuuliza dokta kabla hamjasaini

Bintimkubwa:

Wakuu habari za muda huu, wakubwa zangu shikamooni. Uzi huu nimeuahirisha sana, kila nikianza kuandika nakumbuka zile siku za ICU naacha. Ila wiki hii nimepigiwa simu na watu wawili tofauti, wazazi wao wameambiwa mgongo umepinda wafanyiwe operesheni, na wote swali lao la kwanza ni moja, "je utanyooka?" Hata sisi tulianza na swali hilo hilo na ndilo lililotupoteza. Kwa hiyo naandika yote, ni ndefu, mwenye shida hii avumilie asome.

Mama ana miaka 69 sasa. Kwanza tuelewane, wapo watu ambao mgongo ulianza kupinda wakiwa na miaka kumi na kitu ukaendelea polepole mpaka utu uzima, na wapo kama mama ambao ujanani ulikuwa umenyooka kabisa ukaja kupinda baada ya miaka 50 huko. Huu wa pili unatokana na kuchakaa. Zile diski kati ya pingili na pingili ni kama mito, sasa mto ukibonyea upande mmoja zaidi, pingili ya juu inalalia upande huo, viungo vidogo vya nyuma navyo vinalika na kuota vimifupa, pingili inaanza kuteleza pembeni, na kadiri inavyolalia ndivyo uzito unavyozidi kuelemea upande ule ule uliokwisha choka. Mara nyingi inatokea kiunoni, kwa mama kona ilikuwa kali kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno.

Sisi dalili tuliziona tukazipuuza. Gauni lake likawa linashuka upande mmoja, analikunja pindo analishona upya. Akiosha vyombo anaegemeza viwiko vyote viwili kwenye ukingo wa sinki, yaani anaosha kwa mikono kuanzia kwenye viwiko kuja mbele tu, tukasema ni uchovu. Baadaye kutembea, hatua kama mia miguu inakuwa mizito inawaka kuanzia makalioni mpaka kwenye vigimbi, anainama anashika magoti au anatafuta pa kukaa, dakika mbili tatu inapoa anaendelea. Hii ishikeni vizuri: ukisimama wima njia ya mishipa ya fahamu mgongoni inabana, ukiinama mbele inaachia. Mtu ambaye mishipa ya damu ya miguu ndiyo imeziba yeye anapona kwa kusimama tu, huyu wa mgongo lazima akae au ainame. Mama akisukuma kitoroli alikuwa anatembea vizuri kabisa, na tulikuwa tunashangaa.

Hospitali ya kwanza (sitaitaja) waliangalia MRI (kile kipimo cha picha cha sumaku) wakaona njia imebana, wakasema operesheni ndogo tu, tunachonga mfupa wa nyuma mishipa ipumue. Siku tatu yuko nyumbani, miguu imepona, tukashukuru Mungu. Mwezi wa saba baada ya hapo akaanza kwenda kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kupima tena kona imetoka digrii 24 hadi 38 na pingili imeteleza zaidi.

Sisemi operesheni ile ni mbaya. Kwa mtu ambaye pingili zake zimetulia, kona ndogo, na kinachomsumbua ni miguu tu, kuachia mishipa peke yake inaweza kuwa ndiyo bora kuliko zote, haichoshi mwili na hatari yake ni ndogo. Tatizo letu ni kwamba pingili ya mama ilikuwa tayari inateleza pembeni, wakachonga pale pale ilipokuwa imejishikiza. Na walikosea hivyo kwa sababu hakuna aliyempiga eksirei AKIWA AMESIMAMA. MRI unalala chali, ukilala uzito hauko, mgongo unaonekana una nafuu. Eksirei ndefu ya kusimama, kuanzia shingoni mpaka kwenye mifupa ya mapaja, mbele na ubavuni, ndiyo inayosema ukweli. Kama mzazi wako kaambiwa operesheni na hajawahi kupigwa hiyo, rudi ukaulize.

Naendelea chini, hapa imejaa.

Kiti Cha Mbele:

Pole sana dada. Ila mimi nilikuwa najua mgongo haukatwi, ukiguswa mtu anapooza. Baba yangu amekataa kata kata kwa sababu hiyo.

Bintimkubwa:

Mkuu nakuelewa na hata mama aliogopa hivyo hivyo. Nikueleze tulivyoelezwa. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba kubwa, kwa mtu mzima inaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mizizi ya mishipa inayoshuka kama mkia wa farasi. Operesheni nyingi za aina hii kazi kubwa iko huko chini, kwa hiyo kupooza mwili mzima siyo jambo la kawaida. LAKINI sitakudanganya, mguu kupungua nguvu au unyayo kuning'inia inatokea kweli, hasa wakikata mfupa kwa kina, wengine inarudi ndani ya miezi na wengine hairudi yote. Ndiyo maana wakati wa operesheni wanabandika waya kichwani na miguuni wanapima mawasiliano ya mishipa muda wote, ishara zikishuka wanasimama wanalegeza. Muulize dokta kama kipimo hicho wanacho. Kama hawana na kazi ni kubwa, mimi nisingekubali.

Sasa kuhusu "kunyooka". Kona inapimwa kwa njia ya daktari mmoja Mmarekani, John Cobb, aliyoieleza 1948, kuanzia digrii 10 ndiyo inaitwa skoliosisi. Kila mtu anakariri namba hiyo. Dokta wa pili tulipomfikia hata hakuanzia hapo. Alimsimamisha mama ubavuni kwenye ile picha, akachora mstari kutoka pingili ya mwisho ya shingo kwenda chini wima kama timazi ya fundi, akasema kwa mtu mwenye uwiano mzuri mstari huu unatua kwenye kona ya juu ya nyuma ya sakramu (ule mfupa wa chini ya kiuno, katikati ya nyonga) au usizidi sentimita 5 mbele yake. Wa mama ulikuwa sentimita 11 mbele. Akasema, "Huyu mama hateswi na kupinda pembeni, anateswa na kuanguka mbele. Kutwa nzima misuli yake inavuta asianguke."

Kuna profesa Mfaransa Jean Dubousset alilieleza hili vizuri, kwamba kila mtu ana kama nafasi yenye umbo la koni kuanzia miguuni pake, nyembamba chini inapanuka kwenda juu, ukibaki ndani yake unasimama kwa nguvu kidogo, ukitoka nje kila dakika ya kusimama unailipia. Mimi hiyo ndiyo ilinifungua macho. Nikamkumbuka na viwiko vyake kwenye sinki.

Kwa hiyo lengo la operesheni ni mawili, mishipa ipumue na mwili urudi kwenye uwiano wake. Mama leo bado ana digrii 14 pembeni na hakuna anayejali. Na hata uwiano hawamrudishii wa kijana wa miaka 25, wanaacha kidogo kulingana na umri, maana wakimsimamisha wima kupita kiasi zile pingili za juu ambazo hazijafungwa zinavunjika.

Fizio wa Zamu:

Asante kwa uzi huu. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, nawahudumia hawa kabla na baada, naomba niongeze.

Kwanza, wengi hawahitaji kisu. Mazoezi hayanyooshi mgongo wa mtu mzima, anayekuambia yananyoosha anakudanganya, ila yanajenga misuli ya kiuno na makalio na yanaongeza umbali anaotembea. Mkanda wa kiuno unasaidia siku mbaya, ukiuvaa kutwa miezi na miezi misuli inalala. Sindano za mgongoni zinatuliza mguu kwa wiki au miezi, na faida yake nyingine ni kuonyesha mshipa upi ndio wenye kelele. Kona hizi za uchakavu huwa zinaongezeka kama digrii 1 mpaka 3 kwa mwaka, kwa hiyo muda wa kufikiri upo.

Pili, kuna utafiti mkubwa ulifanywa Marekani na Kanada ukatoka 2019, watu 286 wa miaka 40 hadi 80 wenye kona za kiunoni zinazouma. 63 walikubali wapangiwe kwa kura nani akatwe nani asikatwe, waliobaki walichagua wenyewe. Katika wale waliopangiwa wasikatwe, ndani ya miaka miwili asilimia 64 walihamia upande wa operesheni kwa hiari yao, na hiyo ilivuruga hesabu ya kura. Ila ukiangalia aliyekatwa kweli na asiyekatwa kweli, waliokatwa walipata nafuu kubwa ya maumivu na shughuli, na wasiokatwa walibaki pale pale walipokuwa kwa wastani. Mimi naisoma hivi: kama hali uliyonayo leo unaweza kuishi nayo, ukiacha kukatwa huenda utaendelea nayo hivyo hivyo miaka miwili. Kama huwezi kuishi nayo, kusubiri peke yake hakutakupa nafuu.

Tatu, haya siyo ya kusubiri kliniki: mkojo kugoma au kujitokea, choo kujitokea, ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, unyayo kuning'inia ghafla. Nenda dharura siku hiyo hiyo.

Mwl. Mstaafu:

Wanangu hamjambo. Nina miaka 74, kona digrii 31, mstari wangu wa timazi uko sawa, miguu haiumi, kiuno kinauma jioni. Madaktari wawili waliniambia nikate, wa tatu akaniuliza, "Mwalimu ni kitu gani unashindwa kufanya?" nikakikosa cha kumjibu. Natembea asubuhi na fimbo mbili, naogelea mara mbili kwa wiki. Sijakata na sijutii. Ila huyo mama aliyekuwa anatembea hatua mia ningekuwa mimi ningekata.

Bintimkubwa:

Marahaba… samahani, shikamoo Mwalimu! Umesema vizuri sana, hilo swali la "unashindwa kufanya nini" ningependa kila mtu aulizwe.

Sasa maandalizi, hapa ndipo nataka watu wasome taratibu maana operesheni ya mama ilisogezwa mbele miezi minne na nikakasirika, kumbe ndiyo ilimwokoa.

Mifupa. Walimpima uzito wa mfupa, ikaja -2.7. Kuanzia -2.5 kushuka ndiyo wanasema mifupa imekuwa dhaifu. Skrubu kwenye mfupa wa hivyo ni sawa na msumari kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Wakamwanzishia sindano za kujenga mfupa, kila siku anajichoma mwenyewe tumboni, na vitamini D, ndiyo maana ya ile miezi minne. Sigara havuti, ila kwa anayevuta aache kabisa kabla, nikotini inazuia mifupa kushikana na wapo madaktari hawakukati mpaka wakupime damu. Sukari ishuke, lishe iwe nzuri, moyo upimwe, dawa za kulainisha damu zisimamishwe kwa maelekezo ya dokta siyo kwa kukisia.

Operesheni yenyewe ilikuwa kwa awamu mbili. Ya kwanza walipitia ubavuni, mkato mdogo, wakatoa diski zilizobonyea wakaweka vizimba (vijiboksi vidogo vya kukaa mahali pa diski) vya kuzinyanyua pingili, saa tatu. Siku ya tatu wakamgeuza kifudifudi wakafungua nyuma, skrubu kuanzia pingili ya kumi ya kifua mpaka kwenye mifupa ya nyonga, fito mbili za chuma, wakachonga viungo vya nyuma ili mgongo ukubali kurudi nyuma, wakapandikiza unga wa mfupa zishikane. Saa saba na nusu. Kule kuchonga viungo kunaleta kama digrii 10 kila pingili. Kuna kukata kabari nzima ya pingili inaleta kama 30 kwa mkupuo, ila damu inamwagika sana na mishipa iko hatarini, dokta alisema vile vizimba vya ubavuni ndivyo vimetuepusha na hiyo. Damu iliyotoka waliikusanya kwa mashine wakaisafisha wakamrudishia mwenyewe.

Kwa nini mpaka nyonga? Niliuliza kwa sababu nilisoma kwamba ukifungwa mpaka huko huinami tena. Akanijibu fito ndefu ikiishia kwenye pingili ya mwisho ya kiuno, mzigo wote unaangukia kiungo kimoja kilichobaki chini na chake kilikwisha kuchakaa. Sawa, lakini muelewe mnachokubali. Mama hawezi kuinama kiunoni, mgongo sasa ni kipande kimoja. Soksi anavaa kwa kifaa. Kucha za miguu namkata mimi. Na jambo ambalo hakuna dokta wala nesi aliyetuambia, kujisafisha chooni. Mkono haufiki. Siku ya tano mama alijifungia akakaa humo muda mrefu, nikagonga nikasikia analia. Mtu mzima, aliyenilea mimi. Tulinunua koleo refu la plastiki la kushikia karatasi na bomba la maji la kuoshea, tukanyanyua kiti cha choo, akajifunza kupitia mbele kwa kujigeuza taratibu. Muulizeni dokta hili KABLA, na mumfanyishe mgonjwa mazoezi ya hivyo vifaa akiwa bado hajakatwa.

Nyotanjema:

Nimelia hapo kwa choo. Dada, na usiku wa ICU ulikuwaje? Mama mkwe wangu anaingia mwezi ujao.

Bintimkubwa:

Usiku wa pili alichanganyikiwa. Aliniita jina la dada yake aliyefariki, akang'oa dripu, akasema kuna watu wanaiba vyombo. Nikadhani ubongo umepata shida nikapiga kelele. Kumbe kwa wazee ni jambo linalotokea baada ya nusu kaputi ndefu na dawa kali za maumivu. Ilisaidia miwani yake, kifaa chake cha masikio, taa iwake mchana izimwe usiku, na sura anayoijua iwe pale. Siku nne ikaisha. Mpelekee miwani mama mkwe, usiseme ataichukua akitoka.

Paja la kushoto mbele lilikuwa na ganzi na zito kupanda ngazi, hiyo inatokana na kupitia ubavuni maana wanapenya kwenye msuli wenye mishipa ndani yake, kwa mama iliisha wiki ya sita. Choo kikubwa kiligoma siku sita kwa dawa za maumivu, anzeni dawa ya kulainisha mapema. Siku ya pili baada ya awamu ya nyuma alisimamishwa, kulala muda mrefu kunagandisha damu miguuni na ikipanda kwenye mapafu inaua. Kugeuka kitandani ni mabega na nyonga pamoja kama gogo.

Maumivu: wiki sita za mwanzo ni ngumu mno, mama aliwahi kusema bora asingefanya. Mwezi wa tatu akaanza kuacha dawa. Mwezi wa sita akatembea bila kuhesabu hatua. Mifupa kushikana inaenda mpaka mwaka na zaidi.

Kiti Cha Mbele:

Asante dada. Nitampelekea baba kwanza akapigwe hiyo eksirei ya kusimama. Ukiambiwa umuulize dokta mambo matatu tu utauliza nini?

Bintimkubwa:

Mkuu mimi ningeanza na hili: kati ya kiuno na miguu ni kipi unaenda kukitibu, na operesheni ndogo kabisa inayoweza kukitibu ni ipi, na kwa nini siyo hiyo. Akijibu bila kukasirika umepata dokta. Halafu amefanya ngapi za aina hii mwaka uliopita, na wangapi walirudi kukatwa tena, maana kurudi mezani kwenye operesheni ndefu ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani: usaha, skrubu kulegea, pingili ya juu ya skrubu ya mwisho kubonyea mtu akainama upya, fito kukatika. Na la mwisho nani atamhudumia nyumbani miezi mitatu. Hilo la mwisho jibu lake unalo wewe.

Bintimkubwa (miezi mitano baadaye):

Nimerudi wakuu, wengi mmeniuliza inbox mama anaendeleaje. Niliahidi nitaleta yote basi naleta na hili. Miezi 26 tangu operesheni, juzi akiwa anainuka kwenye kiti akasikia "tak" kiunoni, maumivu ya ghafla, yakapoa. Eksirei imeonyesha fito ya kulia imekatika, chini kabisa karibu na mfupa wa nyonga. Dokta anasema chuma kinashikilia tu mpaka mfupa ushikane, mfupa usiposhikana chuma kinachoka kama waya unaokunjwa huku na huku, kwa hiyo inawezekana pale chini hapajashikana. Fito ya kushoto nzima, mstari wa timazi bado uko sentimita 4, miguu haiumi. Ameandika CT (eksirei ya kina ya kompyuta) ili waone kama kuna daraja la mfupa au hakuna. Kama lipo wanaacha, kama halipo na maumivu yakirudi wanafungua pale chini tu, wanaongeza fito na mfupa mpya.

Nilimuuliza mama jana usiku kama angejua hili lingetokea angekubali. Alikuwa anaosha vyombo, amesimama, viwiko haviko kwenye sinki. Akaniambia nimpe kile kitambaa afute mikono kwanza. Akafuta, akasema angekubali, ila angetaka aambiwe habari ya choo mapema.

CT ni Alhamisi, majibu nitayaweka hapa hapa.